Mbio za Sakafuni: Kasi, Joto na Utulivu wa Kompyuta Jijini Stockholm, Kutoka BESK Hadi Prosesa za Leo

Wahenga walituachia methali mbili ambazo fundi yeyote wa kompyuta angeweza kuzibandika juu ya meza yake: haraka haraka haina baraka, na mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika makala hii tunazipima methali hizo kwa historia ya jiji tunamosoma, Stockholm. Swali letu ni moja. Ni lini kompyuta inastahili kuitwa ya kasi? Je, ni pale inapoonyesha namba kubwa kwenye skrini kwa sekunde chache, au ni pale inapoifikisha kazi ndefu mwisho bila kukosea?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Wenzetu wengi wenye kompyuta za mezani huzisukuma prosesa zao kupita kiwango kilichoandikwa na kiwanda, wengine kwa ajili ya michezo, wengine kwa ajili ya kuhariri video au kuchakata data za tasnifu. Wanapofanya hivyo hukutana na mambo matatu yasiyoachana: kasi, joto na utulivu. Tunakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo yalikwisha kukutana katika jiji hili miaka sabini iliyopita, ndani ya mashine moja iliyoitwa BESK, na kwamba somo lililopatikana wakati ule halijazeeka.

Jambo lenyewe na jina lake

Tuanze na maana, kwani msomaji wa lugha hawezi kutembea bila istilahi. Ndani ya kila kompyuta ya leo kuna kipande kidogo cha kwatzi kinachotetemeka kwa mwendo usiobadilika. Kutokana na mtetemo huo mashine hupata pigo moja baada ya jingine, mfano wa ngoma inayowaongoza wapiga makasia. Kila pigo likilia, saketi za prosesa husogea hatua moja. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Kiwanda huandika kiwango ambacho kina hakika prosesa itakimudu, kisha huacha akiba kidogo, kwa sababu prosesa za toleo moja hazilingani kwa uwezo, na kwa sababu kiwanda hakijui mashine itawekwa wapi: katika chumba cha mwanafunzi Stockholm au katika duka la Kariakoo mchana wa Februari.

Kuichota akiba hiyo, kwa kuongeza idadi ya mapigo, ndiko tunakokuzungumzia hapa. Kiswahili bado hakina neno moja lililokubalika kwa kitendo hiki. Tunajua kazi ya kukipa Kiswahili istilahi za kompyuta ilikwisha kuanza zamani. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Lakini miradi ya namna hiyo ilishughulika zaidi na maneno ya kwenye skrini kuliko viungo vya ndani ya sanduku. Kwa hiyo sisi hapa tutasema "kupandisha mapigo", kwa kufuata mapigo ya moyo. Mfano huo una faida moja: kila mtu anajua kwamba mapigo ya moyo yakipanda, mwili hupata joto, na yakipanda mno mtu huanguka.

Kabla ya prosesa: BARK na BESK

Mwaka 1948 serikali ya Sweden iliunda halmashauri ya mashine za hisabati, Matematikmaskinnämnden. Nia ya awali ilikuwa kununua kompyuta kutoka Marekani. Hilo halikuwezekana, na Waswidi wakaamua kujenga ya kwao. Wasomi vijana walikwisha kupelekwa Marekani kujifunza, wakarudi na michoro na maarifa kutoka Princeton na MIT.

Mashine ya kwanza, BARK, ilizinduliwa mwaka 1950 chini ya uongozi wa Conny Palm. Ilijengwa kwa rilei za simu zipatazo 8,000, yaani swichi za chuma zinazofungwa na kufunguliwa kwa sumaku ya umeme. Rilei ni kitu chenye kutembea, na kitu chenye kutembea kina uzito. Kujumlisha namba mbili kulichukua kama milisekunde 150. Mtu angeweza kuiongezea umeme BARK atakavyo, lakini chuma hakiwezi kuruka haraka kuliko chuma. Huo ndio ukingo wa kwanza katika historia yetu: kila kifaa kina mwendo ambao maumbile yake hayauvuki.

Ili kuuvuka, ilibidi kuacha chuma na kutumia elektroni. Palm alifariki mwezi Desemba 1951, na uongozi ukachukuliwa na Stig Comét. Mitambo ya mashine mpya ilisanifiwa na Erik Stemme, na Gösta Neovius na Olle Karlqvist wakashughulikia mpangilio wa ndani na seti ya amri. Mashine ikaitwa BESK, kifupi cha maneno ya Kiswidi yenye maana ya kikokotozi cha kielektroniki cha mfuatano kinachotumia mfumo wa namba mbili. Wapenzi wa lugha watafurahi kujua kwamba neno "besk" kwa Kiswidi lina maana ya "chungu", na pia ni jina la kinywaji kikali chenye uchungu. Ilianza kazi mwishoni mwa mwaka 1953 na kuzinduliwa rasmi tarehe 1 Aprili 1954, katika jengo la Drottninggatan, mtaa ambao wengi wetu huupita bila kujua kilichokuwa nyuma ya kuta zake.

BESK ilikuwa na valvu 2,400 na dayodi 400 za jemaniamu. Ilijumlisha kwa mikrosekunde 56, yaani sehemu 56 za milioni moja za sekunde, na kuzidisha kwa mikrosekunde 350. Ukilinganisha na BARK, kujumlisha kulikuwa kumeongezeka kasi zaidi ya mara 2,600. Kwa muda mfupi BESK ilihesabiwa kuwa kompyuta ya kasi kuliko zote duniani. Jiji lililokuwa limekosa mashine ya kununua lilikuwa sasa limewapita wauzaji.

Dakika tano

Lakini hapa ndipo uchungu wa jina unapoonekana. Hapo mwanzo BESK ilifanya kazi kwa wastani wa dakika tano tu kabla ya kupata hitilafu. Tufikirie maana yake. Ndani ya dakika tano mashine iliweza kujumlisha zaidi ya mara milioni tano, kisha ikakosea, na aliyekuwa akiitumia hakujua kwa hakika kosa liliingia wapi.

Sababu zilikuwa mbili kubwa. Ya kwanza ni joto. Valvu haiwezi kufanya kazi bila waya wa ndani kuwashwa hadi uwe mwekundu, na valvu 2,400 ni sawa na chumba kilichojaa taa ambazo hazizimwi. BESK ilikula umeme wa kiasi cha kilovolti-ampea 15. Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hutoka tena ukiwa joto, maana hesabu haina uzito wala haisogezi kitu. Kwa hiyo chumba kile kilihitaji kuondolewa joto la takriban kilowati 15 muda wote, sawa na majiko kadhaa ya umeme yaliyowashwa kwa pamoja. Valvu ikipata joto na kuzeeka hubadilika polepole, na siku moja huanza kuisoma sifuri kama moja.

Sababu ya pili ilikuwa kumbukumbu. BESK ilihifadhi maneno 512, kila moja la biti 40, katika mirija 40 ya vioo mfano wa ile ya televisheni za zamani. Kila biti ilikuwa doa la chaji ya umeme juu ya kioo, doa lililofifia lenyewe na kulazimika kuandikwa upya mara kwa mara. Ilikuwa kama kuandika hesabu kwa kidole juu ya mchanga wa pwani wakati maji yanajaa.

Mafundi walifanya nini? Hawakukimbilia kuongeza kasi zaidi. Katika mwaka 1954 waliituliza mashine hatua kwa hatua. Walioandika programu nao walibadili desturi zao: waliweka vituo katikati ya hesabu ili, hitilafu ikitokea, kazi ianzie kwenye kituo cha mwisho na si mwanzo kabisa. Mwaka 1956 Carl-Ivar Bergman alipewa majuma machache tu ya kuondoa mirija ile na kuweka kumbukumbu ya pete ndogo za feriti, ndogo kama shanga, zilizopitishiwa nyaya nyembamba kwa mkono. Inasimuliwa kwamba kazi hiyo ya kutunga pete ilifanywa na kina mama wa nyumbani waliozoea kufuma sweta. Pete ya sumaku haififii kama doa la chaji. Utulivu, kwa maneno mengine, ulifumwa.

Utabiri unaokimbizana na upepo

Kwa nini mashine hii ilihitaji kasi na utulivu kwa pamoja? Kazi mbili zinatosha kueleza.

Ya kwanza ni utabiri wa hali ya hewa. Mwaka 1950 kundi la wataalamu nchini Marekani lilitumia kompyuta ya ENIAC kukokotoa hali ya hewa ya saa 24 zijazo. Hesabu ilifanikiwa, lakini pamoja na kushughulikia kadi zake ilichukua karibu saa 24 zile zile. Utabiri unaofika pamoja na mvua hauna faida kwa mvuvi wala kwa rubani. Carl-Gustaf Rossby, mzaliwa wa Stockholm aliyekuwa amejijengea jina Marekani na kurejea nyumbani, alitambua kwamba BESK ingeweza kulitatua jambo hilo. Mwaka 1954 kundi lake, kwa kushirikiana na idara ya hali ya hewa ya jeshi la anga la Sweden, lilitoa utabiri wa kompyuta kwa matumizi ya kweli, kabla Marekani yenyewe haijaanza utabiri wake wa kawaida mwaka 1955. Miongoni mwa waliolelewa katika kundi hilo alikuwa Bert Bolin, ambaye mwaka 1988 alikuja kuwa mwenyekiti wa kwanza wa jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC.

Tunaona hapa kwamba haraka ilikuwa na baraka zake. Bila kasi, utabiri ni historia. Lakini kasi bila utulivu ingekuwa mbaya zaidi, maana rubani anayepewa utabiri uliochelewa hujua hana utabiri, ilhali anayepewa utabiri wenye kosa lililojificha hupaa akiwa na imani.

Kazi ya pili ni ya hisabati tupu. Tarehe 8 Septemba 1957, Hans Riesel aliitumia BESK kuthibitisha kwamba mbili kwa kipeo cha 3,217, ukitoa moja, ni namba tasa. Ilikuwa na tarakimu 969, na wakati huo ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Kipimo kinachotumika kwa namba za aina hii huitwa kipimo cha Lucas na Lehmer. Unaanza na namba nne, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa mbili, unabakiza baki la kugawanya kwa namba unayoichunguza, kisha unarudia. Kwa namba ya Riesel marudio ni 3,215. Mwishoni baki likiwa sifuri, namba ni tasa.

Angalia ukali wa kipimo hiki. Kila hatua inakula jibu la hatua iliyotangulia. Biti moja ikigeuka katika hatua ya pili, hatua zote zinazofuata ni upuuzi, ingawa mashine itaendelea kufanya kazi kwa utulivu wa nje kana kwamba hakuna lililotokea. Mashine ya dakika tano isingeweza kuaminiwa na kazi kama hiyo. Kwa hiyo sisi tunaisoma namba ile ya tarakimu 969 kama cheti cha afya ya BESK kuliko kama rekodi ya hisabati: miaka mitatu na nusu baada ya kuzinduliwa, mashine iliyokuwa ikikosea kila mara sasa iliweza kushika mnyororo mrefu bila kuudondosha.

Mapigo yanapanda

BESK ilifungwa mwaka 1966. Wakati huo transista ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi ya valvu, na muda si mrefu prosesa nzima ikaingia katika kipande kimoja cha silikoni. Ndipo swali la kasi likatoka mikononi mwa halmashauri za serikali na kuingia sebuleni.

Kompyuta ya IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikuwa na mapigo ya megahezi 6. Wamiliki waligundua kwamba ukiing'oa kwatzi yake na kupachika nyingine, mashine hukimbia kwa megahezi 8. IBM ikajibu kwa kuweka ndani ya mashine ukaguzi wa kukataa mchezo huo. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A. Mapigo yake yalikuwa mara nne na nusu ya mapigo ya njia ya ubaomama, na njia hiyo ilipaswa kuwa megahezi 66. Vijana waliiweka kwenye njia ya megahezi 100 na kupata 450, nyongeza ya nusu nzima bila kulipa hata senti moja. Si ajabu kwamba kizazi kizima kiliamini kuwa kasi ni kitu kilichofichwa na viwanda, kinachosubiri mjanja wa kukifichua.

Lakini kuna hesabu ambayo mjanja hawezi kuikwepa. Joto linalozalishwa na saketi za prosesa hufuata idadi ya mapigo ikizidishwa kwa mraba wa volteji. Mapigo yakipanda, transista zinahitaji kuamua haraka zaidi, na mara nyingi haziwezi mpaka ziongezewe volteji. Tuchukue mfano. Prosesa inafanya kazi kwa gigahezi 4 na volti 1.20. Tunaipandisha hadi gigahezi 4.8, na ili itulie tunaipa volti 1.38. Mapigo yameongezeka kwa asilimia 20. Volteji imeongezeka kwa asilimia 15, na mraba wake kwa asilimia 32. Ukizidisha, joto limeongezeka kwa karibu asilimia 59. Tumenunua moja ya tano ya kasi kwa zaidi ya nusu ya joto.

Joto hilo lazima lifike hewani. Njia yake ni ndefu: kutoka silikoni kwenda kwenye kifuniko cha chuma, kupitia pesti ya kupitisha joto, hadi kwenye mapezi ya shaba au alumini, na mwishoni kwa upepo wa feni. Tuseme njia hiyo inapandisha nyuzijoto 0.3 kwa kila wati. Prosesa ya wati 100 itakaa nyuzi 30 juu ya hewa ya chumba, na ikipandishwa mapigo kama katika mfano wetu, wati 159, itakaa karibu nyuzi 48 juu yake. Katika chumba cha Stockholm chenye nyuzi 21 hiyo ni 69. Katika chumba cha Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi, chenye nyuzi 32, ni 80. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya hewa inayoivuta. Ndiyo maana ushauri unaoandikwa katika nchi za baridi hauwezi kuhamishwa ulivyo hadi pwani ya Afrika Mashariki. Anayeusoma aangalie kwanza kipimajoto cha ukuta wake.

Viwanda vyenyewe vilifika kwenye ukingo huo. Mwaka 2004 Pentium 4 ya Intel ilifika gigahezi 3.8, na mwaka huo huo Intel ilifuta mradi wa prosesa iliyoitwa Tejas iliyotarajiwa kuendeleza mbio hizo, joto likiwa sababu kubwa. Kuanzia hapo badala ya moyo mmoja wenye mapigo ya haraka, prosesa zilianza kupewa viini viwili, vinne na zaidi. Methali ya sakafuni ilitimia katika maabara.

Rekodi na kazi

Hata hivyo mbio za mapigo hazikuisha. Zilihamia kwa wanamichezo. Mswidi anayejulikana kwa jina la Elmor ni mmoja wa mabingwa wake. Mwishoni mwa mwaka 2022 aliipitisha prosesa ya Core i9-13900K juu ya gigahezi 9, jambo ambalo halijawahi kufanyika kabla ya hapo, kwa kuipoza kwa heliamu ya kimiminika. Heliamu huchemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo silikoni hustahimili mapigo ambayo kwenye hewa ya kawaida yangeifisha.

Hatuidharau kazi hiyo. Inahitaji ujuzi wa hali ya juu, na inawafundisha wahandisi ukingo wa kweli uko wapi. Lakini rekodi ya mapigo haiulizi kama prosesa ilifanya kazi. Inatosha ishike kwa muda mfupi wa kusajiliwa. Tuiweke kando ya namba ya Riesel: upande mmoja mapigo bilioni tisa kwa sekunde, yaliyodumu kitambo, upande wa pili mashine yenye uwezo wa kujumlisha mara 18,000 hivi kwa sekunde, iliyomaliza hatua 3,215 bila kukosea. Zote mbili ni kasi, lakini hazijibu swali moja.

Kwa mtu wa kawaida swali ni la Riesel, na jambo la kupendeza ni kwamba kipimo pia kimebaki kile kile. Mwaka 1996 George Woltman wa Marekani alianzisha mradi wa GIMPS, ambamo watu wa kawaida hutafuta namba tasa za jamii ile ile ya Riesel kwa kompyuta zao. Programu yake, Prime95, imekuwa chombo mashuhuri cha kupima utulivu wa prosesa zilizopandishwa mapigo. Huifanyisha prosesa hesabu nzito zenye majibu yanayojulikana tayari, kwa saa nyingi, na tarakimu moja ikitofautiana husimama na kutoa taarifa. Mwaka 2016 hesabu za programu hiyo zilifichua hata kasoro ya kiwandani katika prosesa za Intel za kizazi cha Skylake, na Intel ikatoa marekebisho.

Kutokana na historia hii tunaweza kueleza desturi nzuri ya kupandisha mapigo kwa maneno machache. Panda hatua ndogo ndogo, na baada ya kila hatua pima. Kitu cha kwanza cha kuangalia ni joto likiwa chini ya mzigo mzito, si likiwa limetulia. Usiongeze volteji kabla hujaboresha upoozaji. Kipimo cha dakika kumi ni salamu tu. Cha usiku kucha ndicho mazungumzo. Ukifika mahali mashine inapokosea, usisimame pale pale kwa kubahatisha, bali rudi nyuma hatua moja au mbili na uishi hapo. Na weka nakala za kazi yako, kama walioandika programu za BESK walivyoweka vituo vyao.

Anayeona tahadhari hii imezidi akumbuke mwaka 2024. Intel ilieleza hadharani kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiyumba kwa baadhi ya watumiaji, kwamba maelekezo ya ndani ya prosesa yalikuwa yakiomba volteji iliyozidi, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Ikiwa kiwanda chenye maabara zake kinaweza kuukaribia mno ukingo, sisi wenye bisibisi na feni mbili tuna sababu zaidi ya kutembea kwa hadhari.

Joto halipotei

Limebaki jambo moja la Stockholm. Joto ambalo mafundi wa BESK walilitoa nje kama taka sasa limepata mnunuzi. Jiji hili hupasha nyumba zake kwa maji ya moto yanayopita katika mabomba chini ya mitaa, na kampuni ya Stockholm Exergi, inayomilikiwa kwa sehemu na jiji, hununua joto la vituo vya data na kuliingiza katika mabomba hayo. Mpango wa Stockholm Data Parks ulianzishwa mwaka 2017 kwa lengo hilo. Kituo mashuhuri zaidi kwa sura ni Pionen cha kampuni ya Bahnhof, kilichofunguliwa mwaka 2008 ndani ya handaki la zama za Vita Baridi, chini ya mwamba wa Vita bergen huko Södermalm. Somo la fizikia limegeuka kuwa ankara: kila wati inayoingia kwenye prosesa lazima itoke, na jamii yenye busara huuliza itatokea wapi. Kwetu pwani hakuna anayehitaji kupashwa joto nyumbani, kwa hiyo wati ya ziada inalipiwa mara mbili, mara ya kwanza kwenye prosesa na mara ya pili kwenye kiyoyozi.

Basi tunarudi kwenye methali zetu. Haraka ilileta baraka pale Rossby alipoutangulia upepo, na ilileta baraka kwa sababu kuna watu waliokubali kwanza kukaa na hitilafu za dakika tano mpaka wakazimaliza. Tunapoandika tasnifu zetu kwa takwimu zilizokokotolewa na mashine zetu wenyewe, tunawaomba wasomaji na walimu wetu waziamini tarakimu ambazo hawakuziona zikizaliwa. Namba iliyopatikana haraka kwa mashine inayoyumba haina tofauti na ushahidi wa shahidi mlevi: huenda amesema kweli, lakini hakimu hawezi kuutumia. Kasi ya kweli huhesabiwa mwishoni mwa kazi, jibu likiwa sahihi.